Je, Wajua? Picha Zilizopauka na Programu Zinazodai Kuzifufua

Fungua albamu ya familia yoyote iliyopiga picha za rangi miaka ya 1970, utakutana na jambo la ajabu. Harusi imegeuka nyekundu, anga imekuwa ya waridi na shela la bibi harusi limeiva manjano. Picha ya babu ya nyeusi na nyeupe, iliyopigwa miaka ishirini kabla ya hapo, bado inaonyesha kila kifungo cha koti. Siku hizi wengi wanaziskani picha hizo na kuzitia kwenye kompyuta wakitumaini programu itazirudishia sura yake. Zipo programu za bei mbaya, zipo za bure, na zipo za simu zinazoahidi miujiza kwa kubonyeza mara moja. Kinachozitenganisha zaidi ya bei ni mahali zinapotoa rangi: nyingine hufanya kazi na rangi iliyobaki kwenye karatasi, nyingine hubuni ambayo haipo. Mambo yafuatayo yatakusaidia kuzipambanua.

Fedha hudumu kuliko rangi

Je, wajua kwamba picha ya nyeusi na nyeupe imetengenezwa kwa madini ya fedha? Kwenye karatasi yake mna chembe ndogo mno za fedha halisi zilizoshikwa na jelatini. Picha ikisafishwa vizuri na kuoshwa kwa maji ya kutosha, chembe hizo huweza kukaa zaidi ya karne. Ikiharibika, mara nyingi chanzo ni dawa iliyobaki kwenye karatasi kwa sababu fundi aliharakisha kuosha: salfa iliyomo huila fedha na kuiacha picha na madoa ya manjano.

Picha ya rangi ni habari nyingine. Nayo huanza na fedha, lakini wakati wa kusafishwa fedha yote huondolewa, yakabaki matabaka matatu ya rangi za kemikali: samawati, majenta na manjano. Rangi hizo huvunjika polepole kwa joto, unyevu na mwanga, na pwani ya Afrika Mashariki ina vyote vitatu kwa wingi.

Kabatini na ukutani hazifi kifo kimoja

Je, wajua kwamba picha iliyofungiwa gizani hupauka kwa namna tofauti na iliyotundikwa sebuleni? Gizani, rangi iliyotangulia kufifia katika karatasi na filamu nyingi za miaka ya 1950 hadi 1970 ni samawati. Samawati ndiyo inayozuia mwanga mwekundu, hivyo ikiondoka wekundu hufurika picha nzima. Kwenye mwanga, mara nyingi majenta ndiyo hutangulia, na picha huelekea ukijani. Hata sinema hazikusalimika: mwaka 1980 mwongozaji Martin Scorsese alianzisha kampeni ya kudai filamu za rangi zisizopauka, kwa kuwa nakala za sinema zilikuwa zikigeuka waridi ndani ya miaka michache.

Ndiyo maana picha ya aina hii haiponi kwa kuongezewa mng'ao peke yake. Mng'ao huzisukuma rangi zote tatu kwa pamoja, ilhali kila moja imepoteza kiasi chake. Programu ya kufaa ni ile inayokuruhusu kushika nyekundu, kijani na buluu moja moja, kuvuta ncha zake na kukunja katikati yake. Photoshop, GIMP, Affinity, Photopea na PaintShop Pro zote zinaruhusu. Programu ya simu yenye kitelezi cha mng'ao na kingine cha kupoza au kupasha rangi itakufikisha nusu ya njia tu.

Skana ilianza na kitoto kichanga

Je, wajua kwamba picha ya kwanza kuingizwa kwenye kompyuta kwa skana ilikuwa ya mtoto wa miezi mitatu? Mwaka 1957 Russell Kirsch, mhandisi wa shirika la taifa la viwango la Marekani, aliskani picha ya mwanawe. Ilikuwa na pikseli 176 kwa 176, jumla 30,976.

Leo picha ya sentimita 10 kwa 15, ikiskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi, hutoa pikseli zaidi ya milioni 8. Kwa picha nyingi za karatasi kiwango hicho kinatosha na kuzidi, kwa sababu karatasi yenyewe haina undani zaidi ya huo; ukipandisha hadi 2400 utaongeza uzito wa faili na kupiga picha nyuzi za karatasi. Negativu na slaidi ni kinyume chake. Ni ndogo na zimebeba mengi, kwa hiyo huhitaji nukta 2400 hadi 4000. Kama negativu ya picha iliyopauka bado ipo, anza na hiyo kabla ya kugusa programu yoyote. Nayo huzeeka, lakini mara nyingi haijaonja mwanga kama karatasi ilivyouonja.

Photoshop ilitoka ikiwa mkiani mwa skana

Je, wajua kwamba watu wa kwanza kupata Photoshop walinunua skana? Mwaka 1987 Thomas Knoll, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan, aliandika programu ndogo ya kuonyesha vivuli vya kijivu kwenye kompyuta yake ya Macintosh Plus, ambayo kioo chake kilijua nyeusi na nyeupe tu. Kaka yake John, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya madoido ya sinema ya Industrial Light & Magic, aliona manufaa yake, wakaikuza pamoja. Nakala zipatazo 200 ziligawiwa pamoja na skana za Barneyscan kabla ya Adobe kuitoa kwa jina lake mwezi Februari 1990.

Asili hiyo bado inaonekana. Kazi ya kusahihisha rangi za picha iliyoskaniwa iko kwenye mifupa ya Photoshop. Mwaka 1996 toleo la 4 lilileta matabaka ya marekebisho: unarekebisha rangi juu ya picha bila kuigusa picha yenyewe, na wiki ijayo ukiona umezidisha, unapunguza. Kwa picha iliyopauka hilo ni jambo kubwa, kwa sababu macho huzoea haraka. Ukitazama picha nyekundu kwa nusu saa, rangi yoyote iliyopungua wekundu huonekana sahihi.

Ngazi 256 hazitoshi

Je, wajua kwamba faili ya kawaida ya picha, ya biti 8, ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, kutoka giza totoro la 0 hadi weupe kamili wa 255? Picha iliyopauka haizitumii zote. Giza lake si giza tena na weupe wake umeingia uchafu, kwa hiyo buluu, tuseme, inaweza kujibana kati ya ngazi ya 60 na ya 160. Programu yoyote, ya bure au ya kulipia, hurekebisha kwa kuzivuta ngazi hizo mia zienee nafasi nzima. Ni sawa na kuongeza maji kwenye mchuzi wageni walipozidi: wote watapata, ila viungo ni vilevile. Utaliona hilo angani na mashavuni, ambapo rangi iliyopaswa kubadilika taratibu hujipanga mistari mistari.

Dawa yake iko kwenye skana. Ukichagua biti 16 kwa kila rangi, ambazo skana nyingi huziandika kwa jumla kuwa biti 48, ngazi zinakuwa 65,536. Hata theluthi yake ni zaidi ya 21,000, na unaweza kuzivuta utakavyo bila mistari kutokea. Gharama yake ni nafasi: ile picha ya sentimita 10 kwa 15 itachukua megabaiti 50 badala ya 25 isipobanwa. Ihifadhi kwa muundo wa TIFF. JPEG ya kawaida haibebi zaidi ya biti 8, tena hutupa sehemu ya taarifa kila unapoihariri na kuihifadhi upya.

Kwa miaka mingi hapa ndipo programu zilipoachana. GIMP ilifanya kazi kwa biti 8 tu hadi toleo la 2.10 la mwaka 2018, lilipofungua mlango wa biti 16 na 32. Anayelalamika kwamba GIMP huacha mistari angani anasema kweli ya zamani.

Kitufe cha otomatiki hakijui harusi wala msiba

Je, wajua kitufe cha kurekebisha rangi kiotomatiki hufanya nini hasa? Chukua amri ya GIMP ya kusawazisha weupe. Huichukua kila rangi peke yake, hukata ncha zake mbili kwa kutupa vivuli vinavyotumiwa na asilimia 0.05 tu ya pikseli, kisha huvuta kilichobaki kijaze nafasi nzima. Amri za Photoshop zina uchaguzi zaidi, kwa mfano kutafuta kwanza sehemu nyeusi kabisa na nyeupe kabisa, au kuilazimisha rangi ya katikati iwe ya kijivu. Imani iliyo chini yake ni ileile: kwamba kila picha ina mahali peusi, mahali peupe, na wastani usio na rangi.

Kwa picha ya shule yenye mashati meupe na viatu vyeusi, imani hiyo ni ya kweli, na kitufe kitakushangaza kwa uzuri. Kwa picha ya jua likizama baharini, au ya akina mama waliovaa sare ya khanga nyekundu mbele ya ukuta wa udongo, wekundu wa halali utachukuliwa kuwa ugonjwa, na sura zitatoka na ukijani wa maiti.

Kuna mtego mwingine ambao wengi hawaujui. Ukiskani picha pamoja na ukingo wake mweupe na kipande cha kifuniko cha skana, programu huvihesabu navyo. Inauona ukingo, inadhani weupe umeshapatikana, inaiacha picha ilivyo. Kata ukingo kwanza, au zungushia uteuzi ndani ya picha, ndipo ubonyeze. Kama bado haikukubali, tumia kidonezi cha kijivu (zana ya kuionyesha programu kijivu kiko wapi) na ukigusishe kwenye kitu unachojua hakina rangi: lami, saruji, sufuria ya alumini, nywele zenye mvi.

Zipo zenye kitufe cha kufifia

Je, wajua kwamba programu kadhaa zimetengenezewa amri maalumu kwa ugonjwa huu? PaintShop Pro, iliyoanza mwaka 1990 kama programu ya kugawiwa kwa majaribio na kununuliwa na Corel mwaka 2004, ina amri iitwayo "Fade Correction", yenye kiwango unachopandisha au kushusha. Programu ya skana za Epson ina kisanduku cha kurejesha rangi. VueScan, iliyotolewa na Ed Hamrick mwaka 1998, ina visanduku viwili, cha kurejesha rangi na cha kuondoa kufifia, na faida yake nyingine ni kwamba inaendesha maelfu ya aina za skana, zikiwemo za mtumba ambazo watengenezaji wake waliacha kuzihudumia zamani.

Uzuri wa kurekebisha kwenye skana ni kwamba kazi hufanyika taarifa zikiwa bado nyingi, kabla hazijabanwa ziwe biti 8. Ubaya wake ni kwamba marekebisho huokwa ndani ya faili moja kwa moja. Skani mara mbili basi, moja ikiwa na kisanduku kimewekwa alama na nyingine bila.

Vumbi huonekana kwa mwanga usioonekana

Je, wajua kwamba skana za filamu hutambua vumbi kwa mwanga ambao jicho halioni? Rangi za filamu hupitisha mwanga wa infraredi bila kizuizi, lakini vumbi na mkwaruzo huuzuia. Skana huipiga filamu mara moja zaidi kwa infraredi, hupata ramani ya uchafu peke yake, na programu huziba sehemu hizo. Mbinu hiyo ilitiwa sokoni kwa jina la Digital ICE na kampuni ya Applied Science Fiction ya Austin, Texas.

Haifai kwa kila kitu. Katika filamu ya nyeusi na nyeupe picha yenyewe ni fedha, na fedha huzuia infraredi kama vumbi, kwa hiyo programu hudhani uso wa mtu ni uchafu na kuanza kuufuta. Filamu za Kodachrome nazo huleta shida kwa baadhi ya skana. Kwa hizo hakuna njia ya mkato: futa vumbi kwa brashi laini kabla ya kuskani, na yaliyobaki uyazibe kwa mkono.

Brashi ya kuponya hudanganya kwa adabu

Je, wajua kwamba zana ya kuziba mikwaruzo huchukua vitu viwili kutoka mahali pawili? Muhuri wa kunakili wa zamani ulibeba kipande kizima, rangi na mwanga wake, na kiraka kilionekana. Brashi ya kuponya, iliyoingia Photoshop 7 mwaka 2002, huchukua chembechembe za mahali unapoonyesha, lakini rangi na mwanga huchukua kutoka kandokando ya jeraha. Ndiyo maana kiraka hupotea. GIMP ilipata brashi yake miaka michache baadaye.

Katika kujaza sehemu kubwa zilizochanika, programu ya bure ndiyo iliyotangulia. Photoshop ilianza kujaza kwa kuangalia yaliyo jirani mwaka 2010, lakini nyongeza ya GIMP iitwayo Resynthesizer, iliyoandikwa na Paul Harrison wa Australia, ilikuwa ikifanya kazi ya namna hiyo miaka kadhaa kabla. Zana hizi hufaa ukutani, mchangani na majanini. Usoni zitumie kwa uangalifu, kwa sababu kovu la mtu si mkwaruzo wa picha.

Kahawia si ugonjwa

Je, wajua kwamba baadhi ya picha za kahawia hazijapauka hata kidogo? Studio za zamani zilitumbukiza picha kwenye dawa iliyogeuza fedha kuwa salfaidi ya fedha, yenye rangi ya kahawia na inayodumu kuliko fedha tupu. Programu hailijui hilo. Ukibonyeza kitufe cha otomatiki, kahawia ya makusudi itaoshwa kana kwamba ni uchafu.

Vivyo hivyo kwa kazi ya mkono. Studio za pwani zilikuwa na mafundi stadi: Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na huko Lamu Omar Said Bakor alijulikana kwa picha za kuunganisha vipande. Popote palipokuwa na studio, mafundi walizoea kusahihisha negativu kwa penseli na kupaka rangi midomo na mavazi kwa brashi. Kabla ya kurekebisha picha ya studio, igeuze na usome muhuri wa nyuma, kisha itazame kwa lenzi. Ukiona alama za brashi, hiyo ni kazi ya fundi, na kuifuta ni kuharibu.

Kipimo cha rangi kilikuwa uso mweupe

Je, wajua kwamba maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kutumia picha ya mwanamke wa Kizungu? Kodak ilisambaza kadi za kupimia, maarufu kama kadi za Shirley, na kwa miongo mingi aliyekuwemo alikuwa mwenye ngozi nyeupe. Fundi alirekebisha mashine hadi ngozi hiyo ipendeze. Katika miaka ya 1990 ndipo zikaja kadi zenye watu wa rangi mbalimbali.

Ndiyo sababu katika picha nyingi za zamani za Waafrika nyuso zimezama gizani tangu siku ya kwanza, kabla ya kupauka kuanza. Kitufe cha otomatiki huongeza msiba, kwa sababu hukaza giza ili kupata weusi kamili, na weusi huo huupata usoni. Fanya kwa mkono. Weka weusi kwa kutumia kiatu au kivuli cha chini ya meza, kisha inua sehemu ya giza ya mkunjo (zana ya Curves) taratibu hadi macho na mashavu yatokee. Photoshop, Affinity na GIMP zote zina mkunjo huo, na hapa biti 16 hulipa gharama yake, maana undani wa ngozi nyeusi umehifadhiwa kwenye ngazi za chini kabisa, ambako biti 8 zina ngazi chache.

Ya bure, ya kulipia, ya kwenye kivinjari

Je, wajua kwamba GIMP ilianza kama kazi ya wanafunzi wawili? Spencer Kimball na Peter Mattis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliianza mwaka 1995 na kuitoa hadharani mwaka 1996. Ni bure, na huendeshwa kwenye Windows, Mac na Linux. Kasoro yake ya siku nyingi ilikuwa kwamba rekebisho likishawekwa limewekwa. Toleo la 3.0 la mwaka 2025 limeleta marekebisho yanayoweza kufunguliwa tena.

Photoshop hulipiwa kwa mwezi au mwaka tangu Adobe ilipoacha kutoa matoleo mapya ya kumilikiwa mwaka 2013. Mwenye studio inayorekebisha picha kila siku atairudisha gharama hiyo. Mwenye albamu moja ya mama yake hana sababu ya kuibeba. Affinity ni kazi ya kampuni ya Serif ya Nottingham, Uingereza, iliyoitoa programu yake ya picha mwaka 2015 kwa kununuliwa mara moja. Kampuni ya Canva iliinunua Serif mwaka 2024, na mwaka uliofuata Affinity ikaanza kutolewa bure. Kwa uwezo wa kurekebisha rangi, iko karibu sana na Photoshop.

Photopea, iliyoanzishwa na Ivan Kutskir mwaka 2013, huendeshwa ndani ya kivinjari na hufungua hata faili za Photoshop. Ingawa inaonekana kama tovuti, picha hufanyiwa kazi kwenye kompyuta yako mwenyewe bila kupelekwa kwingine, jambo la kuzingatia kama picha ni za faragha. Na kama una picha mia tatu na kompyuta kuukuu, IrfanView ya Irfan Škiljan kutoka Bosnia, iliyotoka mwaka 1996, ina ukubwa wa megabaiti chache na hurekebisha rangi za folda nzima kwa mkupuo. Haitaponya picha ngumu. Itakuonyesha zipi zimepona zenyewe na zipi zinadai mkono wako.

Akili bandia haikumbuki, hubahatisha

Je, wajua kwamba programu inayong'arisha uso uliofifia haijui uso huo ulivyokuwa? Programu za namna hii zilishika kasi kuanzia mwaka 2020: watafiti wa Microsoft walitoa mfumo wao wa kurejesha picha za kale, kampuni ya Tencent ikafuata na mfumo wa GFPGAN mwaka 2021, na Photoshop ikaongeza kichujio chake mwaka 2022. Zimefunzwa kwa nyuso nyingi mno, na zikikutana na uso wenye pikseli chache, hutengeneza uso unaofanana na zile zilizojifunza.

Hatari yake ilidhihirika mwaka 2020, mfumo wa PULSE wa Chuo Kikuu cha Duke ulipopewa picha yenye ukungu ya Barack Obama na kutoa uso wa Mzungu. Katika picha ya familia kosa haliwi wazi hivyo. Pua huwa nyembamba kidogo, chale hupotea, meno hupangika, na baada ya muda wajukuu wanamfahamu bibi ambaye hakuwapo. Mwaka 2021 jarida la Vice lilichapisha picha za wafungwa waliouawa katika gereza la Tuol Sleng nchini Kambodia, zikiwa zimetiwa rangi, na baadhi ya nyuso zimetiwa tabasamu. Wizara ya utamaduni ya nchi hiyo ilipinga, na jarida likaziondoa.

Kutia rangi picha ya nyeusi na nyeupe nako ni kubuni: programu haiwezi kujua kama kanzu ilikuwa nyeupe au maziwa, wala kama khanga ilikuwa ya bluu au ya zambarau. Tovuti ya MyHeritage, iliyoanza huduma hiyo mwaka 2020, hutia alama ndogo ya kibao cha rangi pembeni mwa picha ili mtazamaji ajue. Fanya hivyo hata ukiwa nyumbani. Andika kwenye jina la faili kwamba imetiwa rangi au imefanyiwa kazi na akili bandia, kabla haijasambaa kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo.

Baridi hushinda programu

Je, wajua kwamba mkusanyiko maarufu wa picha wa Bettmann umehifadhiwa ndani ya mgodi? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulihamishiwa katika mgodi wa zamani wa chokaa huko Pennsylvania, Marekani, kwenye chumba chenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa sababu kushusha joto ndiyo njia ya hakika ya kuchelewesha kupauka. Nyumbani hatuna mgodi, lakini tuna uchaguzi: chumba chenye hewa badala ya darini penye joto la mabati, bahasha ya karatasi badala ya albamu za kunata, na nakala ukutani badala ya picha asilia.

Programu hupita, skani hubaki

Je, wajua kwamba moja ya dawa zilizosifiwa sana kwa picha zilizopauka imeshatoweka madukani? Digital ROC, ya kampuni ileile iliyoleta Digital ICE, ilikuwamo ndani ya skana za filamu za Nikon na iliuzwa pia kama nyongeza ya Photoshop. Kodak iliinunua kampuni hiyo mwaka 2003, na baadaye programu hiyo ikaacha kuuzwa. Waliokuwa wakiitegemea walilazimika kutafuta njia nyingine.

Walioumia kidogo ni wale waliokuwa na faili mama, yaani skani ya biti 16 isiyoguswa. Aliyehifadhi TIFF ya namna hiyo mwaka 2005 hakuweza kuifaidi kwenye GIMP ya wakati ule. Tangu mwaka 2018 anaweza, na akitaka anaifungua kwenye Affinity bila kulipa. Aliyehifadhi JPEG iliyokwisha kurekebishwa na kutupa iliyobaki hana pa kurudi, hata akinunua programu ghali kuliko zote.

Kwa hiyo ukiamua leo kuanza albamu ya nyumbani, tumia muda wako mwingi kwenye skana kuliko kwenye kuchagua programu. Weka faili mama mahali pawili tofauti, fanyia kazi nakala, na uandike majina ya waliomo wakati wanaowajua bado wapo. Karatasi yenyewe usiitupe baada ya kuskani: ndiyo pekee inayoweza kuskaniwa tena siku itakapokuja skana bora kuliko yako.